Warsha za wasomi Bahari ya China Kusini: zilisaidia au zilipoteza muda?

Watu wengi wakisikia warsha wanawaza mabango, chai ya saa nne na mapendekezo ambayo hakuna atakayeyasoma, na kwa semina nyingi siwezi kuwabishia. Ila kuna mfululizo mmoja huko Asia ambao kabla hujauweka kapu moja na hizo zingine inabidi uuangalie vizuri. Ni warsha za Bahari ya China Kusini, alizozianzisha Hasjim Djalal, mwanadiplomasia wa Indonesia na bingwa wa sheria za bahari, ya kwanza ikafanyika Bali Januari 1990 na Canada ikasaidia hela.

Hali ilikuwa mbaya kipindi hicho. Mwaka 1988 wanajeshi wa China na Vietnam walipambana kwenye mwamba wa Johnson South, katika visiwa vya Spratly, Wavietnam 64 wakafa. Visiwa hivyo, vyote au baadhi, vinadaiwa na China, Taiwan, Vietnam, Ufilipino, Malaysia na Brunei, na hakukuwa na meza hata moja ya kuwakalisha wote hao kwasababu China haikubali kabisa kukaa na Taiwan kama serikali kwa serikali. Sasa Djalal alichofanya ni kualika wanasheria, wanasayansi wa bahari, hata maofisa wa wizara, lakini kila mmoja anakuja kwa jina lake, haongei kwa niaba ya nchi. Na Indonesia yenyewe haidai Spratly kwahiyo hakuna aliyeweza kusema mwenyeji anavutia upande wake. Julai 1991, mjini Bandung, Indonesia, watu wa China na wa Taiwan wakakaa chumba kimoja, wakatoka na msimamo kwamba nguvu isitumike na kila upande ujizuie. Mwaka uliofuata mawaziri wa ASEAN, jumuiya ya nchi za kusini-mashariki mwa Asia, wakatoa azimio lao kule Manila na ukilisoma unaliona wazo la Bandung mle ndani. Yaani kitu kilichosemwa na wasomi kikawa kauli ya serikali ndani ya mwaka mmoja, hiyo siyo kazi ndogo.

Haya, upande wa pili. 1995 Ufilipino ikagundua China imejenga vibanda juu ya mwamba wa Mischief, upande wa kisiwa chake cha Palawan, wakati warsha zinaendelea kila mwaka. 2002 ASEAN na China wakasaini Phnom Penh tamko la mwenendo wa nchi kwenye bahari hiyo, zuri sana kwenye karatasi, alafu kuanzia 2013 China ikamwaga mchanga juu ya miamba 7 ikapata zaidi ya ekari 3,000 za ardhi, na baadae viwanja vya ndege. Mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilipoamua Julai 2016 kwamba madai ya China ya haki za kihistoria hayana msingi kisheria, Beijing ikakataa hukumu palepale. Anayesema wasomi walikuwa wanaongea huku wenye meli wanajenga ana hoja nzito, na mimi sitaki kuipunguza.

Kuna hoja nyingine naiona ina uzito kuliko hata hiyo. Suala la kisiwa hiki ni cha nani lilikuwa linawekwa pembeni makusudi ili watu wasiondoke, wakahamia kwenye sayansi, mazingira, usalama wa meli. Mwaka 2002 wakapata safari ya pamoja ya utafiti wa viumbe wa baharini, ila ilifanyika visiwa vya Anambas, ambako ni Indonesia, siyo kwenye maji yanayogombaniwa. Na mwaka mmoja kabla, hela ya Canada ilishakatwa. Alafu mle chumbani wavuvi hawakuwa na sauti, wakati wavuvi wa Zambales, Ufilipino, ndo wanaozuiwa mara kwa mara kuvua kwenye mwamba wa Scarborough, ambao China iliukamata 2012.

Miaka ile ya 90 wengi waliamini pia kwamba biashara ikishawafunga pamoja watu hawa hawatagombana. Biashara kweli imekua, China ndo mshirika mkubwa wa ASEAN tangu 2009, na mzigo unaotoka Guangzhou kuja Kariakoo unaanzia safari kwenye bahari hiyohiyo. Lakini imeshindikana, biashara inaenda na meli za walinzi wa pwani wa China zinazimwagia meli za Ufilipino maji ya presha.

Mimi kwa upande wangu nazitetea warsha hizi ila siyo kwa sababu zinazotajwa mara nyingi. Kumaliza ugomvi wa mipaka haziwezi, na kumpima mwanasayansi kwa kazi ambayo hata marais imewashinda siyo haki. Thamani yake ni kwamba serikali zikitaka kuongea zinakuta maneno yameshaandaliwa na watu wanafahamiana, kama ilivyokuwa 1992. Ndo maana naona pengo kubwa limeachwa, sasa hivi macho yote yapo kwenye mikutano mikubwa kama Shangri-La kule Singapore, mawaziri wa ulinzi wanahutubia mbele ya kamera na hakuna anayeweza kulegeza msimamo pale. Kanuni za mwenendo kati ya ASEAN na China bado zinajadiliwa, 2023 walikubaliana walenge kuzimaliza ndani ya miaka mitatu. Kuhusu samaki na matumbawe yaliyoharibiwa wangeanza na wataalamu, kimyakimya, na safari hii watafiti wapelekwe Spratly kwenyewe na wavuvi wawe ndani ya boti.