Kupuliza peke yake si kosa
Mwandishi wa makala moja kuhusu madereva walevi anasema ukipuliza alkoblo (kifaa cha polisi cha kupima pombe kwenye pumzi) isome zaidi ya mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, kesi imekwisha. Imekwisha wapi? Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa hapa Kenya ilizitupa kanuni za alkoblo za 2011 kwa kukinzana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, kinachotaka ithibitishwe kwamba dereva alilewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Namba tupu haithibitishi hilo. Mimi nilisimamishwa saa nane usiku, afisa akachomoa kimrija cha kupulizia mfukoni, hakina hata karatasi yake ya kufungia, ati nipulize. Nilipoomba kipya nikaambiwa najifanya wakili. (Nilikuwa nimekunywa soda tu.) Kuna aliyewahi kufunguliwa kimrija kipya akiona?