Acheni msitu upumue kabla Goa haijaimba

Nimesikiliza michanganyiko mingi ya transi ya Goa na saitransi ya msituni, mitindo miwili ya muziki wa kielektroniki wa kucheza, wa kwanza ukijaa melodia na wa pili ukijaa giza na milio midogo, na mingi inanichosha kwa sababu moja. Mchanganyaji husawazisha kasi, akahakikisha kiki, yaani mapigo mazito ya ngoma, za nyimbo mbili zinaangukia pamoja, kisha akaona ndoa imefungwa. Bado. Hapo wamekutana barazani tu, hawajaulizana hata jina.

Ndoa yenyewe ya Goa na msitu naitetea kwa moyo wote, na nalisema hilo mapema, maana wapo wapenzi wa Goa ya zamani wanaoona kuitia msitu ni kuinajisi. Wapo pia watu wa msitu ambao wakisikia melodia tamu hukunja uso. Lebo moja niliyoipelekea wimbo wangu ilinijibu nichague upande. Iliniuma, na nimekataa kuchagua.

Goa ilizaliwa kwenye jimbo la India lenye jina hilo, ufukweni, kwenye sherehe za usiku kucha za Anjuna na Vagator, ambako wasafiri wa Ulaya, Marekani, Israeli na Japani walikutana. Katikati ya miaka ya 1990 ilishika kasi kupitia lebo za London kama Dragonfly na TIP, na wasanii kama Hallucinogen na Astral Projection. Msitu ulikuja baadaye, miaka ya 2000 mwanzoni, na Skandinavia ilikuwa na mkono mkubwa: Parvati Records ya Denmark, Derango wa Sweden. Melodia ikapunguzwa, zikabaki sauti fupifupi kama za wadudu, matone na magome ya miti yanayopasuka, chini yake besi inayokimbia bila kupumzika.

Anayesema hawa wawili hawana undugu amtazame DJ Goa Gil. Alizaliwa Marekani mwaka 1951, akahamia Goa akiwa kijana, akafariki mwaka 2023, na hakuna aliyefungamana na jina la Goa kumzidi. Katika miaka yake ya baadaye, usiku wake ulijaa muziki wa giza, wa kasi, wa aina ileile inayowakimbiza wapenzi wa Goa. Asubuhi ikikaribia ndipo alipoulainisha. Kwake huo wote ulikuwa usiku mmoja.

Ugumu upo kwenye nafasi. Kwenye kasi ya mapigo 150 kwa dakika, kutoka kiki moja hadi nyingine ni sekunde 0.4, na katikati zinaingia noti 3 za besi, kila moja ikipewa sekunde 0.1. Msitu huishi kwenye nyufa hizo. Ule mlio mdogo unaopita sikio la kushoto na kutokea la kulia unasikika kwa sababu hakuna kilichoufunika. Goa haina tabia hiyo. Goa hujaza: laini ya asidi, ule mlio mkali wa mashine ya besi TB-303, ikifunguliwa filta polepole, juu yake melodia ya kwanza, juu yake ya pili, na kila noti ikivuta mwangwi nyuma yake kama kanga ndefu. Ukiziweka pamoja jinsi zilivyo, mwangwi wa Goa unaulalia msitu wote, na unachosikia ni ukungu.

Halafu kuna noti yenyewe. Besi ya msitu mara nyingi hukaa kwenye noti moja dakika nyingi, kwa hiyo melodia yoyote itakayokuja lazima ikubaliane nayo. Siku moja nilipandisha wimbo wa Goa kutoka mapigo 142 hadi 150 na nusu hivi, nikaacha sauti ipande pamoja na kasi. Kupanda huko ni kama nusu toni kamili. Wimbo uliokuwa kwenye noti ya E ukatua kwenye F, na besi ya msitu niliyokuwa nayo ilikuwa F. Nywele zilinisimama. Ningetumia ile programu inayozuia sauti isipande, E na F zingegombana usiku kucha huku kiki zikipatana vizuri kabisa.

Mimi nimekulia Unguja, na jirani yetu alikuwa na redio iliyopiga taarab kila alasiri. Labda ndiyo sababu nilipoisikia Goa mara ya kwanza sikuiona ngeni. Melodia zake nyingi zinatembea kwenye ngazi ambayo masikio yetu yanaijua kama Hijaz: noti ya pili iko nusu toni tu juu ya ya kwanza, kisha ya tatu inaruka toni moja na nusu. Mruko huo ndio unaotoa ile huzuni yenye kiu. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ikiupita, mtu mzima husema "ah!" bila kujijua.

Na taarab ndiyo iliyonifundisha kuchanganya. Mwimbaji haingii tu kwa sababu kipaza sauti kiko wazi. Ala zinamwandalia njia, naye akishaanza zinajishusha. Akimaliza mstari, fidla zinamjibu, kisha zinamwachia tena. Hakuna anayesema fidla zimenyamazishwa, wala hakuna anayelalamika mwimbaji amechelewa. Hivyo ndivyo ninavyotaka Goa na msitu viishi. Msitu uanze peke yake, dakika 3 au 4, mpaka msikilizaji azoee giza na aanze kutofautisha milio. Melodia ije kama mstari mmoja, mfupi, mkavu, usio na mwangwi mwingi. Mstari ukiisha, wadudu wajibu. Zile tabaka tatu nne za melodia ambazo Goa huzipenda naziweka mwisho, nikishaupunguza msitu kwa makusudi, kiki na besi zikibaki palepale ili mguu usipotee.

Watu wengine hutatua jambo hili kwa saa: msitu usiku wa manane, Goa alfajiri. Ni njia nzuri kwa DJ mwenye saa 8 mkononi. Ila inaziweka mbalimbali tu, na mimi nataka zizungumze ndani ya wimbo mmoja.

Wimbo wangu wa sasa una dakika 9. Melodia ilikuwa ikiingia dakika ya 2, nimeisogeza hadi ya 4. Jana usiku nimefuta mwangwi wote kwenye noti ya pili ya Hijaz, ile ya nusu toni, nikauacha kwenye ya tatu peke yake. Noti ikaruka, ikaning'inia, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, nikasikia matone yangu yakidondoka moja moja.