Nimezomea Sana Taifa, Ndiyo Maana Nasema Goodes Alizomewa kwa Rangi Yake

Mimi ni mtoto wa Temeke na ni Simba damu. Nimeanza kuzomea watu Shamba la Bibi kabla sijamaliza shule ya msingi. Nimezomea marefa, nimezomea makipa wa Yanga, nimezomea hata mafowadi wetu wenyewe siku walizocheza ovyo. Kwa hiyo tukibishana juu ya Adam Goodes, mchezaji wa Australia aliyezomewa kwa miaka, na wenzangu wa hapa Melbourne wakiniambia kwamba mimi mgeni sielewi, kuzomea ni sehemu ya mchezo, wananifundisha kitu nilichokulia.

Na kwa sababu nakijua, najua pia kinavyoishaga. Kwetu inazomewa jezi. Emmanuel Okwi alituacha akavaa njano ya Yanga, mwaka 2014 akarudi Msimbazi, na hasira zetu zikaisha alipovaa nyekundu. Hakuna aliyemfuata mwaka mzima, uwanja kwa uwanja, akishirikiana na mashabiki wa Mbeya City, Azam na Kagera Sugar ambao hawakuwa na ugomvi naye.

Goodes yeye alifuatwa hivyo, uwanja kwa uwanja. Nyumbani wengi hawamjui, maana mpira wa Australia, ule wenye umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, hauna wafuasi wengi nje ya nchi hii. Goodes ni Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia. Mama yake ni mmoja wa wale watoto waliochukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wao. Alicheza mechi 372 kwa Sydney Swans kuanzia 1999, akachukua ubingwa mara mbili, na mara mbili akapewa medali ya Brownlow, 2003 na 2006, ambayo ni tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Kwa miaka mingi alikuwa mchezaji tu kama wengine wakubwa.

Mambo yalibadilika Mei 2013 kwenye MCG, uwanja mkubwa wa hapa Melbourne, tena katika raundi iliyotengwa kuwaenzi Waaborijini. Kutoka jukwaani akasikia sauti ikimwita nyani. Akageuka, akanyoosha kidole, walinzi wakamtoa mtu huyo. Alikuwa binti wa miaka 13. Kesho yake Goodes akawaomba watu wasimlaumu mtoto, akisema hilo ni neno alilolipata katika jamii inayomzunguka. Siku chache baadaye rais wa klabu ya Collingwood, wapinzani wa siku ile, Eddie McGuire, akazungumza redioni akilihusisha jina la Goodes na kutangaza tamthilia ya King Kong, yule sokwe mkubwa wa kwenye sinema. Aliomba radhi. Lakini aliyeendelea kubeba mzigo ni Goodes. Mwaka 2014 akatangazwa Mwaustralia wa Mwaka, akaitumia heshima hiyo kusema wazi juu ya ubaguzi na juu ya maumivu ya watu wake kila inaposherehekewa tarehe 26 Januari, sikukuu ya taifa inayokumbuka Waingereza walipofika kuanzisha koloni. Zomea zikaongezeka. Mei 2015, baada ya kufunga dhidi ya Carlton, akacheza hatua chache za ngoma ya vita aliyojifunza kwa vijana wa Kiaborijini wa chini ya miaka 16, akamalizia na ishara ya kurusha silaha. Watu wakasema amewatisha. Kwetu mfungaji akikata sindimba kwenye kibendera cha kona, hata wapinzani wanacheka.

Julai mwaka huo niliangalia kwenye televisheni mechi ya Swans dhidi ya West Coast, iliyochezwa Perth. Kila alipougusa mpira, uwanja ulivuma. Mpira ukienda kwa mwingine, kimya. Ukimrudia, mvumo ule tena. Nilizima sauti kwa sababu mke wangu aliniuliza kuna nini. Wiki iliyofuata Goodes hakucheza. Msimu ulipoisha akastaafu, na siku ya fainali akakataa kuzungushwa uwanjani kuagwa pamoja na wastaafu wenzake.

Kazini kuna mzee mmoja ninayemheshimu, aliyenipokea vizuri nilipofika nchi hii. Yeye alizomea. Ananiambia walimzomea kwa sababu alikuwa anajiangusha kutafuta faulo, na kwa sababu alimwaibisha mtoto. Kisha anatoa hoja yake kubwa: mbona Lance Franklin, Mwaborijini naye, timu ile ile, tunampenda?

Hoja hiyo nimeifikiria sana, na naona inamgeukia mwenyewe. Franklin alipendwa kwa magoli. Goodes naye alikuwa na magoli tangu zamani, na kujiangusha, kama kweli alijiangusha, hakukuanza 2013. Kilichoanza 2013 ni mdomo. Mweusi wa kufunga alikuwa na nafasi, mweusi wa kusema hakuwa nayo, na ubaguzi hauhitaji kumchukia kila mweusi ili uwe ubaguzi. Simwiti yule mzee mbaguzi wa moyoni. Ila kufikia Julai 2015 nchi nzima ilishaambiwa na Waaborijini wenyewe jinsi sauti ile ilivyowachoma. Aliyezomea baada ya hapo alizomea akijua.

Sisemi haya kana kwamba tulikotoka ni pasafi. Temeke tulimwita Mtindiga mtu yeyote tuliyemwona mshamba, na hatukujali kwamba Wahadzabe wa bonde la Yaeda hawalipendi jina hilo. Jiulize: Mhadzabe angevaa jezi ya Simba, akafunga, halafu akashika maikrofoni mbele ya Taifa iliyojaa akatuambia tuache kuwaita Watindiga na tuache kuwanyang'anya pori lao. Tungempigia makofi? Nadhani wiki ya kwanza tungepiga. Wiki ya tatu tungesema anajiona. Dar nilikuwa katika walio wengi, sauti yangu haikunigharimu kitu, na ilinibidi nivuke bahari ndipo nijue inavyosikika ukiwa upande wa pili.

Mwaka 2019 chama cha mchezo, AFL, na klabu zote 18 zilimwomba Goodes radhi. Mwaka 2021 alikataa kuingizwa kwenye ukumbi wao wa heshima. Mzee wa kazini anasema ana kinyongo. Mimi naona hadaiwi chochote.

Mwanangu anacheza mchezo huo huo katika timu ya watoto. Kipenzi chake ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya, na ambaye Swans walimsajili wakati Goodes bado anacheza. Msimu uliopita mzazi wa timu pinzani alimtolea mtoto wangu jina la mnyama. Nilikwenda kwa wasimamizi, nikaambiwa nisilikuze jambo. Tukiwa garini njiani kurudi, mtoto akaniambia, "Baba, siku nyingine usiseme. Ukisema, watanichukia mimi."

Ana miaka kumi na moja.