Seva ya nyumbani inakata mtandao ikizidiwa: tununue kadi ya mtandao au tuguse mipangilio?

Seva za nyumbani zimeanza kuzoeleka hapa Tabora. Usifikirie mitambo mikubwa. Nyingi ni zile kompyuta ndogo za ofisini zilizokuja kama mitumba, zikawekewa mfumo wa Linux na diski ya terabaiti kadhaa, kisha zikapandishwa juu ya kabati huko Ipuli au Cheyo. Wapiga video za harusi wanahifadhi kazi zao humo, wenye maduka wanarekodi kamera za ulinzi. Malalamiko yao yanafanana mno. Mashine inakwenda vizuri tu, lakini mtu akianza kuhamisha mzigo mzito, tuseme gigabaiti 200 za harusi moja, mtandao unakatika katikati ya kazi. Taa zinawaka, feni inazunguka, ila seva haipatikani. Ukiizima na kuiwasha inarudi kana kwamba haikuwa na tatizo lolote.

Mafundi tumegawanyika juu ya tiba. Wapo wanaosema kifaa kimechoka, kibadilishwe. Wapo wanaosema kifaa ni kizima, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya mtandao, ndiyo inayokorofisha, kwa hiyo rekebisha mipangilio na usitoe hata shilingi.

Hao wa vifaa wasidharauliwe. Mwezi wa tisa na wa kumi joto la Tabora si la mchezo, na vumbi la kiangazi linaziba matundu ya kupitisha hewa. Chipu ya mtandao iliyo chini ya diski mbili ndani ya kabati lililofungwa inaweza kustahimili kazi ndogo na kugoma kwenye kazi kubwa. Umeme nao ukishuka jioni, adapta dhaifu ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, ndiyo huwa ya kwanza kuyumba. Halafu kuna waya, na hapo ninawaunga mkono kabisa. Kata kipande cha waya wa mtandao unaouzwa bei ya kutupa, ukwangue uzi mmoja wa ndani kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba halisi, na hukatika kirahisi pale waya unapobanwa kwenye kichwa cha plagi. Itheneti ya megabiti 100 inatumia nyuzi nne tu, ile ya gigabiti inatumia zote nane. Kwa hiyo waya uliofanya kazi miaka yote kwenye ruta ya zamani unaweza kuumbuka siku unaponunua swichi ya gigabiti, na lawama zote zikaenda kwa seva.

Wa mipangilio nao wana ushahidi wao, tena wa maandishi. Kadi nyingi za mtandao zilizojengwa ndani ya ubao wa kompyuta hupewa kazi ya kukata data kubwa kuwa pakiti ndogo za baiti 1500 ili kuipunguzia prosesa mzigo. Kazi hiyo inaitwa TSO. Chipu kadhaa za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zinajulikana kukwama hapo, na keneli, yaani kiini cha Linux, huandika bila kuficha: “Detected Hardware Unit Hang”. Kwenye chipu za Realtek unaweza kukuta “NETDEV WATCHDOG” na maelezo kwamba foleni ya kutuma imepitisha muda wake. Kwa zile za e1000e amri moja mara nyingi inatosha:

ethtool -K eno1 tso off gso off

Jina eno1 ulibadilishe kulingana na kadi yako; gso ni kazi hiyohiyo ya kukata data ikifanywa na programu. Prosesa itabeba kazi zaidi kidogo, lakini kwa kasi ya gigabiti moja hata kompyuta ya ofisini ya miaka kumi iliyopita haitatoka jasho. Kwenye Realtek, mara nyingi wanaanza na kuzima utaratibu wa kubana umeme wa PCIe (njia inayounganisha kadi na ubao), yaani ASPM.

Kinachonikera ni kwamba pande zote mbili hubishana wakati ushahidi umeshafutwa. Mwenye seva akiona mtandao umekatika anachomoa umeme kwanza, ndipo anampigia fundi simu. Fundi anafika, anakuta kila kitu kizima, anaanza kupiga ramli. Seva ikikata, chomeka skrini na kibodi, andika dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli, usome mistari ya mwisho. Kama umeshaiwasha upya, journalctl -k -b -1 itakuonyesha yaliyotokea kabla ya kuzimwa, ilimradi mfumo umewekwa uhifadhi logi kwenye diski. Mistari ya “Link is Down” na “Link is Up” inayopishana, yaani linki ya waya inakatika na kurudi, inanipeleka kwenye waya, poti au swichi. Foleni iliyokwama huku linki ikiwa juu inanipeleka kwenye draiva. Halafu ethtool -S, inayoonyesha hesabu za kadi: makosa ya CRC, yaani data iliyofika imeharibika, yakipanda kila mzigo unapopita, hakuna mpangilio utakaotibu shaba mbovu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao kati ya kompyuta mbili, kwa sababu linatoka kwenye RAM kwenda RAM na diski haiguswi kabisa. Likienda nusu saa bila kukatika, kwa kutuma na kwa kupokea, mtandao hauna hatia. Kaangalie diski, au RAM iliyojaa hadi keneli ikaanza kuua programu. Likikatika, geuza mwelekeo kwa -R. TSO inahusu kutuma, si kupokea. Kwa hiyo seva inayoanguka ikitoa data lakini ikapokea bila shida inaipa nguvu hoja ya mipangilio. Ikianguka pande zote mbili, ninaanza kufikiria joto na waya. Na wakati mwingine seva haijaanguka hata kidogo, ni ruta ndogo ya nyumbani iliyolemewa. Kompyuta nyingine iliyo kwenye swichi hiyohiyo ikiweza kuipigia ping (kuiita kwenye mtandao na kujibiwa), acheni kuisumbua seva ya watu.

Tuje kwenye gharama, ambako wa vifaa wanasahau jambo. Kompyuta hizi ndogo nyingi hazina nafasi ya kadi ya ziada. “Nunua kadi” maana yake inageuka kuwa adapta ya USB iliyopanda basi kutoka Dar, nayo ina maradhi yake: inachemka, na mfumo unaweza kuilaza kwa kubana umeme. Unaweza kulipa na ukabaki na tatizo lilelile kwa sura nyingine. Kwa mashine kubwa yenye nafasi ya PCIe, hapo sina ubishi, kadi nzuri ya kuongeza ni fedha iliyotumika vyema.

Upande wa pili nao wana la kujibu. Amri ya ethtool inapotea mashine ikizimwa. Usipoiweka mahali inaposomwa kila mashine ikiwaka (kwa Debian ni /etc/network/interfaces, kama mstari wa post-up), umeme ukikatika na kurudi ugonjwa unarudi nao, na mteja anajua ametapeliwa.

Kuna na suluhisho la tatu linalotolewa sana, la kuilazimisha seva ishuke hadi megabiti 100 ili “ipumue”. Kwa kamera nne za duka silipingi, hazitaona tofauti. Kwa mpiga video ni adhabu. Gigabaiti 200 zinazopita kwa takriban nusu saa kwenye gigabiti zitamchukua karibu saa tano, na akiwa na harusi mbili kwa wikiendi moja ni afadhali abebe diski mkononi. Kwa huyo ninaanza na logi, ninafuata waya, kisha mipangilio. Kadi ninaitaja pale tu hesabu za makosa zinapokataa kutulia baada ya waya kubadilishwa.