Kuhe mwenye watoto asifike kwenye mizani

Tuliondoka Kibirizi, mwalo wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, saa 11 alfajiri, tukapishana na wavuvi wa dagaa wakirudi, karabai zimezimwa, mitumbwi imezama hadi ukingoni kwa mzigo. Mashindano yalikuwa ya siku moja: mwenye samaki mzito kuliko wote anachukua kikombe, na mizani inafungwa saa 10 jioni.

Asubuhi nzima tulikokota chambo cha bati kuelekea Gombe. Migebuka wawili, basi. Saa 6 mzee aliyeshika usukani akaisogeza boti karibu na miamba, mahali maji ni maangavu hadi unaona mchanga chini. Mara ya tatu kurusha, mshipi ukakazana nikadhani ndoano imenasa kwenye jiwe. Kisha ukaanza kwenda, fimbo ikapinda, mikono ikatetemeka.

Alikuwa kuhe, mpana, tumbo la manjano. Nilipiga kelele kwa furaha. Mzee alikuwa anatazama majini.

"Mwanangu, huyo ana watoto."

Nikainama. Wingu la vifaranga lilikuwa juu ya mchanga, na kuhe wa pili akilizunguka peke yake, akifukuza kila samaki aliyesogea.

Kuhe ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa jamii ya sato duniani, na nyumbani kwake ni Tanganyika. Dume na jike hulinda mayai pamoja, kisha vifaranga. Naamini wangu hakukiona chambo kama chakula. Alimwona adui wa wanawe.

Nilimpeleka kwenye mizani hata hivyo, nikawa wa pili. Sina fahari nayo.

Kanuni ya uzito ndiyo ninayoipinga, kwa sababu inataka samaki aliyekwisha kufa. Kuhe wa maji ya kina kifupi alazwe kwenye ubao wenye vipimo, apigwe picha, arudishwe palepale alipotolewa, na urefu ndio uhesabiwe. Sangara wa kilindini ni habari nyingine: ukimtoa chini haraka, hewa iliyo ndani yake humvimbisha, na ukimwachia anabaki kuelea. Huyo aliwe, lakini awe mmoja kwa kila boti.

Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa ziwa ili samaki wazaliane. Watu wanaolipa ada za watoto kwa dagaa walikunja nyavu miezi 3. Mimi niliyefuata kikombe, nina udhuru gani wa kutomwachia samaki mmoja?

Jioni ile kuhe alipikwa kwa mawese, tukala na ugali wa muhogo. Mzee alichovya matonge yake kwenye mchuzi hadi akashiba. Nyama hakuigusa.