Wimbo Uliopotea Nao Ufundishwe

Kuna zoezi la fasihi ambalo limezoeleka mno siku hizi: mwanafunzi akimaliza riwaya, anaambiwa aandae orodha ya nyimbo zinazomfaa mhusika mkuu. Wanafunzi wanalipenda. Walimu nao wanalipenda, maana darasa linachangamka na kusahihisha hakuchoshi. Mimi silipendi hata kidogo. Zisome orodha zenyewe: mhusika kafiwa, basi wimbo wa majonzi; kapenda, wimbo wa mapenzi; kashinda vita, wimbo wa kujigamba. Mwanafunzi ambaye hakufungua kitabu, akasimuliwa tu na mwenzake wakati wa mapumziko, anaifanya kazi hiyo na kupata alama zile zile.

Sisemi muziki uondolewe darasani. Kwa riwaya za fantasia za vijana, sijaona njia nyingi zinazoushinda kwa kumrudisha msomaji kwenye maandishi, ilimradi aulizwe jambo ambalo jibu lake limo kitabuni na si kwenye simu yake.

Mwandishi wa fantasia anaumba ulimwengu mzima, na watu wakishakuwepo mahali hawakosi kuimba. Wanaimba wakifanya kazi, wakizika, wakibembeleza watoto, wakiwasifu wafalme wao. Ndiyo maana riwaya hizi zimejaa mashairi yaliyopigwa chapa kwa herufi za mlazo, na wanafunzi wengi huyaruka kwa kuona yanachelewesha safari. Hapo ndipo ningeanzia.

Chukua A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968. Kabla ya sura ya kwanza kuna mistari michache ya wimbo wa kale kuliko zote katika visiwa vya Earthsea, ulimwengu wa riwaya hiyo, wimbo wa kuumbwa kwa kisiwa cha Éa: neno halipatikani ila katika ukimya, wala nuru ila katika giza, wala uhai ila katika kufa, kisha anatajwa mwewe arukaye kwenye anga tupu. Ukurasa wa kwanza unatuambia kwamba Ged, mchawi ambaye ndiye mhusika mkuu, alikuja kuimbwa sana, ila hadithi hii ni ya siku za kabla ya sifa, nyimbo hazijatungwa bado. Kwenye shule ya wachawi kisiwani Roke, mmoja wa walimu wakuu kazi yake hasa ni nyimbo na tenzi. Na Ged, akiwa bado kijana, anapochokozwa na Jasper, mwanafunzi mwenzake, mpaka kiburi kikampanda, anaamua kumwita kutoka kuzimu Elfarran, mwanamke aliyekufa miaka elfu iliyopita. Elfarran ni nani kwake? Ni mtu wa kwenye utenzi. Balaa linaloendesha kitabu chote, kile kivuli kilichotoka kwa mwito huo kikamwandama Ged, limepitia mlango wa wimbo, na aliyeruka mashairi hajui hilo.

Basi mistari ile ya mwanzo wape wanafunzi kabla hawajasoma chochote. Waigawane kwa makundi, waiimbe au waighani wapendavyo, warekodi, rekodi ziwekwe. Wasielezwe kitu. Kisha wasome. (Ambaye hajakisoma kitabu na anachukia kuambiwa mwisho, ayapite maelezo ya hapa katikati.) Karibu na ukurasa wa mwisho, mistari ile ile inarudi: Vetch anaiimba kwa sauti akiwa ameshika usukani wa mashua, rafiki yake Ged ametoka kukabiliana na kivuli chake, amecheka, amelia kama mtoto. Hapo waambie waiimbe tena.

Kundi moja nililolisikiliza lilianza kwa kishindo, meza zinapigwa, sauti juu, kwa sababu ya yule mwewe. Walipofika mwishoni wakaanza kubishana. Msichana mmoja alitaka midundo yote iondoke: mtu aliyechoka hivyo, anayemwimbia mwenzake anayelia, atapiga ngoma na mkono upi? Kijana aliyekaa mkabala naye akakataa. Tanga lina upepo, alisema, mashua inakwenda, wimbo ukisimama na mashua imesimama. Wakarudi kitabuni kutafuta upepo. Kila mmoja alikuwa na kidole juu ya mstari wake, na mwalimu hakuwa na la kufanya ila kukaa. Swali la kawaida la mtihani, lile la "jadili mabadiliko ya mhusika", sijawahi kuliona likizua ugomvi wa namna hiyo.

Ukimya pia ni sehemu ya somo la muziki, na walimu huusahau. Ogion, mwalimu wa kwanza wa Ged wa kweli, huitwa Mkimya. Mvua ikinyesha analala chini ya mti na kuiacha inyeshe, ingawa ana uwezo wa kuifukuza, na Ged anaudhika maana alitarajia kufundishwa vituko. Mwambie mwanafunzi amtungie Ogion muziki. Wengi watakimbilia filimbi. Mmoja wawili watauliza kama wanaruhusiwa kuacha patupu, na hao waulizwe: patupu pa sekunde ngapi, kabla ya sauti ipi, baada ya ipi? Wakiweza kujibu, Ogion wamemsoma.

Kuhusu kumpa kila mhusika ala yake, mfano ambao walimu hupenda ni Peter and the Wolf ya Sergei Prokofiev ya mwaka 1936, hadithi inayosimuliwa kwa muziki wa okestra, ambamo bata ni obo, paka ni klarineti na mbwa mwitu ni horni tatu. Ni mfano mzuri, ila watu huishia kwenye mgawo wa ala, kama vile kugawa vyeo. Utamu uko mwishoni, pale obo inaposikika tena, kwa sababu bata alimezwa mzima na bado yumo tumboni mwa mbwa mwitu. Ala imekumbuka jambo ambalo msikilizaji alikuwa ameshaanza kulisahau. Hilo ndilo la kuhamishia kwenye riwaya. Ged apewe mahadhi mafupi, sauti nne au tano zinatosha. Kivuli nacho kipewe yake. Halafu waulizwe mahadhi hayo mawili yana undugu gani, na undugu huo uanze kusikika sura ya ngapi. Anayeuweka mapema mno anafichua siri. Asiyeuweka kabisa ataona taabu atakapofika pale Ged na kivuli wanapotamka jina moja kwa wakati mmoja, na mwandishi anasema sauti mbili zikawa sauti moja. Le Guin kaandika maagizo ya mwanamuziki pale, bila nota.

Na kuna zawadi nyingine mwishoni kabisa. Msimulizi anasema kwamba kama Vetch alitimiza ahadi yake akatunga wimbo wa tendo lile kuu la kwanza la Ged, basi wimbo huo umepotea. Mwalimu atake nini zaidi? Utungeni. Ila muutunge kama Vetch: mtu aliyekuwa mashuani, anayempenda mhusika, anayejua jina lake la kweli na hana ruhusa ya kulitaja mbele za watu, maana katika ulimwengu ule ajuaye jina la kweli la mtu ana nguvu juu yake. Sharti hilo la jina linawatesa, na linawafaa kuliko masharti yote ya vina na mizani. Wanalazimika kuamua nini kiimbwe hadharani na nini kinyamaziwe, na wengine hufikia kusema kwamba labda wimbo haukupotea kwa bahati mbaya.

Muziki wa filamu ningeuweka kando mpaka kitabu kiishe. Fantasia nyingi za vijana zimepigwa filamu, na muziki wake ni kazi ya mafundi hasa; shida ni kwamba umeshamwamulia mtazamaji wapi aogope na wapi alie. Ukiusikilizisha mapema, darasa zima litasoma kwa hofu moja. Muziki wa kusindikiza usomaji wa kimyakimya sina la kusema sana juu yake. Wengine unawatuliza, wengine unawakera, kila mtu aamue na masikio yake.

Mwalimu atasema yeye si mwanamuziki. Hahitaji kuwa. Alama zisitolewe kwa uzuri wa sauti, zitolewe kwa sababu: umechagua pigo hili kwa mstari upi, ukurasa upi, na kama mwenzako amesoma mstari huo huo akachagua kinyume, unamjibuje? Asiyetaka kuimba mbele za watu asilazimishwe. Aandike maelezo ya jinsi wimbo ungeimbwa, au awe mshauri wa kundi linaloimba, na asahihishwe kwa kipimo hicho hicho. Vipindi viwili vinatosha kwa mistari ya Éa. Wimbo wa Vetch unahitaji zaidi, na ikibidi kupunguza kitu ili kupata nafasi, mimi ningeanza na ile orodha ya nyimbo.