Risiti ya Baba Mkubwa

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilinipa cheo cha "mtu wa kompyuta", cheo kisicho na posho wala soda ya kikao. Kazi yangu ilikuwa kuwashukuru kwa meseji waliochanga na kuwakumbusha walioahidi wakapotea. Jumla, watu 143.

Mwenye akili timamu angeshika simu akatuma. Mimi nikaandika programu kwa lugha ya Python, ya kuendeshwa kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, yenye amri ndogo ndani yake kama zile za git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo: orodha, kumbusha, shukuru. Kila moja na opsheni zake, yaani maneno ya ziada yanayofuata amri, na kazi ya kuzichambua nikaikabidhi argparse, maktaba ya Python ya kazi hiyo. Kwa kuwa najiona mtu makini, nikaweka na opsheni ya usalama, --tuma: ikiwa True (kweli) meseji ziondoke, ikiwa False (si kweli) zionekane kwenye skrini tu. Nikaandika type=bool, kwa maana kwamba jibu liwe kweli au si kweli, nikaenda kujimiminia chai.

Saa tano usiku nikajaribu kwa orodha nzima, kwa kiasi cha uongo makusudi:

python mchango.py shukuru --kiasi 999999 --tuma False

Mistari ikaanza kuporomoka. Imetumwa. Imetumwa. Imetumwa. Nikadhani skrini inanitania, mpaka simu yangu ikalia mezani: "Ndugu mpendwa, tumepokea mchango wako wa shilingi 999,999. Mungu akuzidishie." Mimi nilichanga 30,000.

Kumbe argparse hailisomi neno "False" kwa maana yake. Inalipitisha kwenye bool(), kigeuzi cha kweli na si kweli, kama lilivyo, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Ungeandika "hapana", ungeandika "usitume nakuomba kwa jina la Mungu", yote ni True. Nilitakiwa kuandika action="store_true" basi: ukiitaja opsheni imewaka, usipoitaja imezima.

Hilo nililijua nikiwa tayari nimepigiwa simu na shangazi, mweka hazina wetu.

"Wewe mtoto! Mwenyekiti ameshapiga hesabu. Anasema nina milioni 142 na ushee. Nimezificha wapi, kwenye kabati la vyombo?"

Usiku huo nilituma meseji 143 za kuomba radhi, moja moja, kwa kidole.

Aliyebaki ni baba mkubwa. Aliahidi elfu hamsini tangu kikao cha kwanza na senti haikuonekana. Kesho yake nikamfuata nyumbani, shikamoo, marahaba, nikaomba radhi kwa ile meseji, kisha kwa adabu zote nikagusia elfu hamsini. Akavaa miwani. Akatoa simu, akanisomea meseji neno kwa neno, hadi "akuzidishie".

"Kamati imeshanishukuru. Risiti ninayo. Sasa mnataka nichange mara ya pili?"

Siku ya harusi alikaa meza ya mbele. Pilau ilipochelewa, nilimsikia akimuuliza mhudumu kama ndivyo anavyotendewa mtu aliyechanga karibu milioni.